Esansi na mafuta ya detan: kuchanganya kwa kipimo, si kwa jicho

Tronsoneze yangu ya kwanza, yaani msumeno wa moteri, ilikufa Kabare, saa nne asubuhi, katikati ya mkaratusi wa tatu. Sauti ilipanda ghafla, ikawa nyembamba, kama mashine imepata nguvu mpya. Nikafurahi. Dakika mbili baadaye ikanyamaza. Nikavuta kamba, kamba ikagoma kabisa.

Nilipoiteremsha Bukavu, fundi hakuuliza mengi. Alifungua bomba la moshi, akamulika ndani kwa simu, akaniita nitazame. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima, kama mtu aliikwangua kwa msumari. "Imegripa," akasema, yaani pistoni imekwama ndani ya silinda. "Uliweka mafuta kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa vidole: hivi, chini kidogo ya chupa. Akacheka, lakini kwa huruma. "Papa, kidole hakina mililita."

Haya yanayofuata ni yale niliyojifunza tangu siku hiyo. Yanafaa tronsoneze, mashine ya kukatia majani, pampu ndogo ya kunyunyizia dawa, na vile vijenereta vya wati 650 ambavyo umeme ukikatika Kadutu husikika kila kichochoro.

Hakikisha kwanza kwamba ni detan

Moteri ya mipigo miwili, ambayo mafundi wetu huiita detan, haina tumbo la kuwekea mafuta. Esansi iliyochanganywa na mafuta hupita kwanza chini, kwenye chumba cha mhimili, ikilainisha beringi na mkono wa pistoni, ndipo hupanda juu kuungua. Mafuta yanafanya kazi yao njiani, kisha yanaungua na kutoka pamoja na moshi. Hakuna akiba inayobaki. Ndiyo maana detan ikinyimwa mafuta haichukui miezi kuharibika, inachukua dakika.

Moteri ya mipigo minne, katretan, ina mafuta yake chini, na ina kifuniko chenye kijiti cha kupimia. Pikipiki nyingi zinazobeba watu hapa mjini ni katretan, na jenereta kubwa pia. Kwa hiyo tazama: ukikuta mdomo wa esansi na mdomo mwingine wa mafuta wenye kijiti, usichanganye chochote. Ukikuta mdomo mmoja tu (kwenye tronsoneze usihesabu ule wa mafuta ya mnyororo), na juu ya kifuniko pamechorwa pampu ya esansi na tone la mafuta, au pameandikwa 50:1, hiyo ni detan. Boti zetu za ziwani zina hadithi yake, nitaigusa.

"Petroli" ya nani?

Hapa pana mtego wa lugha. Ukisoma maelezo yaliyoandikwa Tanzania au Kenya, utaambiwa uweke "petroli". Kwao petroli ndiyo esansi yetu. Kwetu huku Kongo, ukimwambia muuzaji "nipe petroli", atakupimia mafuta ya taa, na hana kosa lolote. Nimemwona kijana aliyefuata video ya Kiswahili cha Dar es Salaam neno kwa neno, akaweka mafuta ya taa ndani ya mashine mpya. Kwa hiyo katika mwongozo huu nasema esansi tu. Mazutu ni ya malori na grupu za dizeli, detan haitawaka kwayo.

Esansi ya stesheni na esansi ya kadhafi

Watengenezaji wa misumeno wanataka esansi ya oktani 90 hivi au zaidi. Ile ya stesheni inatosha. Shida iko kwa makadhafi, wale wauza esansi ya chupa barabarani, na sisemi wote ni wezi. Wengine wananunua asubuhi stesheni ileile unayokwenda wewe. Lakini chupa inayokaa juani siku nzima hupoteza ile sehemu nyepesi inayosaidia kuwasha, na wapo wanaoongeza mafuta ya taa ili lita iwe nyingi. Mafuta ya taa hushusha oktani, moteri hugonga na kupata joto, na pistoni inalipa deni.

Nina majaribio mawili ya bure. Mimina esansi kidogo katika chupa ya kioo iliyo kavu, iache itulie nusu saa. Maji yakiwepo yatashuka chini, na utaona mstari. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Esansi safi hukauka upesi bila kuacha alama. Ikibaki doa la mafuta linalong'ang'ania, kuna kitu kingine ndani. Fanya jaribio hili kabla ya kuchanganya, maana baada ya kuchanganya doa litakuwepo hata kama esansi ni safi.

Mafuta ya kuchanganya

Hapa ndipo watu wengi tunapokosea, kwa sababu ya sentensi moja: "Mafuta ni mafuta." Si kweli.

Mafuta ya katretan, ile namba 40 au 20W-50 inayowekwa kwenye pikipiki na magari, yametengenezwa ili yakae ndani na kuzunguka. Hayakutengenezwa ili yaungue. Yakiungua huacha majivu na ukaa mgumu kwenye buji (plagi ya kuwashia), kwenye pete za pistoni na kwenye tundu la kutolea moshi. Tena ni mazito, hayachanganyiki vizuri na esansi, yanashuka chini ya bido (dumu). Mashine itawaka, hata itakata miti wiki kadhaa. Ndiyo maana uongo huu haufi.

Mafuta ya boti ni mtego wa kistaarabu zaidi. Kwa kuwa tuko kando ya Ziwa Kivu, kwenye maduka ya wavuvi utapata chupa zimeandikwa TC-W3, na ni mafuta ya detan kweli. Lakini moteri ya boti hupozwa na maji ya ziwa. Tronsoneze hupozwa na upepo wa feni yake tu, katikati ya vumbi la mbao, ikizunguka mara maelfu kwa dakika. Joto lake ni lingine. TC-W3 ibaki kwenye boti.

Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au JASO FD, au ISO-L-EGC au EGD. Herufi hizo ni alama za daraja: FB iko chini, FC inatoa moshi kidogo, FD inasafisha vizuri zaidi. API TC nayo inakubalika kwa mashine zinazopozwa na hewa. Tazama mfuniko kama muhuri wake haujakatwa. Chupa nzuri hujazwa upya mafuta yoyote na kurudi sokoni. Mafuta ya detan mara nyingi hutiwa rangi, buluu au nyekundu au kijani, na rangi hiyo ni msaada: ukiona esansi yako haina rangi yoyote, jiulize kama mafuta yamo.

Uwiano: ni wa mashine na mafuta pamoja

50:1 maana yake ni esansi sehemu hamsini, mafuta sehemu moja. Wengine huandika 1:50. Ni kitu kilekile. Soma kitabu cha mashine yako, na usome mpaka mwisho wa sentensi, kwa sababu mara nyingi kuna sharti. Vitabu vya STIHL vya miaka iliyopita, kwa mfano, vinasema 1:50 kwa mafuta ya STIHL, na 1:25 kwa mafuta mengine ya daraja la TC. Husqvarna nao waliandika 1:50 kwa mafuta yao na 1:33 kwa mengine. Mtu anasikia "hamsini" kwa jirani, ananunua mafuta ya bei ndogo, anabaki na hamsini. Hapo ndipo penye ajali.

Kwa kila lita moja ya esansi:
50:1 ni mililita 20
40:1 ni mililita 25
33:1 ni mililita 30
25:1 ni mililita 40

Zidisha kwa lita ulizo nazo. Lita 5 kwa 50:1 ni mililita 100, na ndiyo sababu kuna vile vichupa vidogo vya mililita 100: kimoja kwa lita tano. Bido ya lita 20 kwa 50:1 ni mililita 400, kwa 25:1 ni mililita 800.

Kitabu kimepotea? Tafuta namba iliyo kwenye kifuniko au kibandiko. Kama hakuna kitu kabisa na mashine ni kuukuu, mimi ningeanza na 25:1 au 33:1 kwa mafuta mazuri, huku nikitafuta mtu mwenye mashine ya aina ileile. Moshi wa ziada nitauvumilia. Lakini usidhani kwamba kuzidisha bila mpaka ni usalama. Mafuta yakichukua nafasi kubwa, esansi inayoingia hupungua, ukaa huziba tundu la moshi, buji inalowa, na mashine inachoka bila sababu inayoonekana.

Sasa, kipimo cha lita yenyewe. Chupa kubwa ya Primus ni sentilita 72, si lita. Ukiweka mililita 20 za mafuta humo ukidhani ni 50:1, umetengeneza 36:1. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inahitaji mililita 30 kwa 50:1, si 20. Na bido ya lita 20 ikijazwa mpaka shingoni hupita lita 20. Makosa haya yote ni madogo, ila yana tabia ya kukutana siku moja.

Kuchanganya, hatua kwa hatua

1. Nunua sindano ya mililita 20 kwenye farmasi, bila ncha. Ni kipimo bora kuliko kifuniko chochote. Itumie kwa mafuta tu. Esansi hufanya mpira wake uvimbe na kukwama. Isirudi kwenye kazi ya wagonjwa au ya mifugo.

2. Tafuta bido isiyopitisha mwanga, kavu, iliyotengenezwa kwa esansi. Zile bido za njano za mafuta ya kupikia ndizo zilizojaa kila nyumba, na ndizo zenye hatari mbili: mabaki ya mafuta ya mawese au ya salade chini, na kufanana. Bido yenye mchanganyiko na bido yenye esansi kavu (isiyo na mafuta) zikiwa na rangi moja, siku moja mtoto wa kazi atakosea. Kwangu bido ya mchanganyiko ina mkanda mwekundu shingoni na maandishi ya rangi ya mafuta: DETAN 50, pamoja na tarehe.

3. Fanya kazi nje, mchana. Si chini ya mshumaa, si karibu na brazero la makaa. Nyumba za mbao zimebanana sana kwenye milima yetu, na moto ukianza kwa mmoja haumalizikii kwake.

4. Mimina nusu ya esansi kwanza. Ongeza mafuta yote uliyopima. Funga, tikisa kwa dakika moja. Ongeza esansi iliyobaki, funga, tikisa tena. Ukianza na mafuta chini kisha kumwaga esansi yote mara moja, mafuta hujificha kwenye pembe za bido.

5. Usichanganye ndani ya tanki la mashine. Tanki ni dogo, halitikisiki vizuri, na bomba la kunyonya liko chini kabisa. Litavuta mafuta mazito kwanza, kisha esansi tupu.

6. Tengeneza kiasi cha mwezi mmoja, si zaidi. Lita mbili au tatu zinamtosha mtu anayekata kuni za nyumbani.

Urefu wa mji wetu, na kosa la kupunguza mafuta

Hili silioni likielezwa mara nyingi, ilhali kwetu ni kubwa.

Kivu yenyewe iko mita 1,460 juu ya bahari, na mji umepanda juu yake. Hewa hapa ni nyepesi, karibu asilimia 15 pungufu ya ile ya pwani. Mashine iliyorekebishwa kiwandani karibu na usawa wa bahari ikifika Bukavu inapata esansi ileile na hewa pungufu: inatoa moshi, inakohoa, inakosa nguvu. Mwenye mashine anatazama ule moshi anasema, "Mafuta yamezidi." Anashuka kutoka 50:1 mpaka kipimo alichokibuni mwenyewe. Moshi unapungua kweli. Na pistoni inaanza kuliwa.

Uwiano wa mafuta haubadiliki kwa sababu ya mlima. Kinachobadilika ni kabureta. Kwenye tronsoneze nyingi kuna skrubu mbili: L kwa mwendo wa pole, H kwa mwendo wa kasi. Kuifunga H kwa kuzungusha kulia kunapunguza esansi, kuifungua kunaiongeza. Safisha kwanza filta ya hewa, noa mnyororo, pasha mashine moto dakika tatu hadi tano. Kisha geuza kidogo kidogo, si zaidi ya moja ya nane ya mzunguko kwa mara moja. Ukibana kasi yote bila kukata kitu, sauti inatakiwa iwe na mkwaruzo kidogo, kama inakatikakatika. Ikiingia kwenye mti, mkwaruzo unaisha na sauti inakuwa laini. Ikilia nyembamba na kali hata kabla ya kugusa mti, umefunga mno. Fungua mara moja. Ile sauti niliyoifurahia Kabare ndiyo hiyo. Kama H ina kofia inayoizuia, usiivunje, mpelekee fundi. Vijenereta vidogo vingi havina skrubu hiyo kabisa, kwa hiyo mwinuko wetu vinauvumilia tu.

Na sasa upande wa pili: umerekebisha mashine Bukavu, halafu umepata kazi Uvira. Ukishuka mteremko wa Ngomo mpaka Kamanyola na tambarare ya Ruzizi, unaelekea Ziwa Tanganyika lililo mita 773. Hewa imekuwa nzito, na esansi uliyoipunguza huku juu sasa haitoshi. Mashine itapata joto na kugripa, hata kama mafuta ni sahihi. Fungua H kabla ya kukata mti wa kwanza kule chini. Njia hiyohiyo hukuonyesha jambo hili kwa macho: bido iliyofungwa vizuri Uvira huwa imevimba ikifika Bukavu. Ifungue polepole, mbali na uso wako.

Kujaza na kuwasha

Tikisa bido kila mara, hata kama uliitikisa jana. Zima mashine, iache ipoe. Futa vumbi kwenye kifuniko kabla ya kukifungua. Punje moja ya unga wa mbao ikiingia kwenye kabureta itakupotezea siku. Jaza, acha nafasi kidogo juu, funga, futa kilichomwagika, kisha sogea hatua kama tano mbali na hapo ulipojazia ndipo uvute kamba.

Kwenye tronsoneze jaza na mafuta ya mnyororo wakati huohuo; ni tanki jingine, mafuta mengine, hayana uhusiano na uwiano wowote. Na yale mafuta meusi ya vidange, yaliyokwisha kutumika na kumwagwa kutoka moteri, wanayokushauri uyaweke kwenye mnyororo, hapana: yamejaa chembe za chuma.

Jenereta ikae nje. Siyo barazani karibu na dirisha, siyo "mlango ukiwa wazi". Ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na moshi wa detan unaoukwepa kwa pua siyo sehemu inayoua.

Kusoma buji

Baada ya saa kadhaa za kazi, zima, acha ipoe, toa buji. Ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, mambo ni mazuri. Nyeusi na yenye unyevu: mafuta au esansi imezidi, au filta ya hewa imeziba. Anza na filta, ni bure. Nyeupe au kijivu cha majivu: mashine inachomeka, esansi haifiki ya kutosha. Simamisha kazi. Huenda filta ya esansi ndani ya tanki imeziba, bomba limepasuka na linavuta hewa, au H imefungwa mno. Mwanya wa buji ya tronsoneze nyingi ni milimita 0.5.

Esansi kavu imeingia

Itatokea. Mtu amejaza kutoka bido isiyo na mkanda mwekundu, mashine imewaka.

Zima papo hapo. Usimalize hata kipande kilichobaki. Mwaga tanki lote. Toa buji, dondoshea mafuta ya detan kidogo kwenye tundu lake, vuta kamba polepole mara kadhaa. Ikivutika laini na ukasikia ugumu wa kawaida wa kubana hewa, toa bomba la moshi, mulika, tazama ubavu wa pistoni. Ukiwa laini na kung'aa, una bahati: jaza mchanganyiko sahihi, iwashe kwa mwendo wa pole dakika chache kabla ya kukata. Ukiona mikwaruzo, usiijaribu kwa kuwasha. Vipande vya pete vikikatika ndani vinaharibu na silinda, na silinda ndiyo ghali.

Mashine ikipumzika

Kama hutaigusa kwa zaidi ya mwezi, mwaga tanki, kisha iwashe iungue mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ibaki tupu. Mchanganyiko mkuukuu hugeuka gundi kwenye vitundu vyake, na ngozi zake za mpira hukakamaa. Bido iliyopita mwezi usiimwage mtaroni. Mitaro yetu yote inaishia ziwani. Mimi humpa jirani mwenye gari la zamani la esansi, nusu lita kwa tanki iliyojaa, na gari lake bado linapanda Nguba bila malalamiko.